Pasipoti ni amana, si rehani: kwa vijana wa Eastlands wanaongojea kazi za melini

Kijana wa Pumwani, Jericho au Kayole akikwambia siku hizi "naenda meli", hana maana ya meli za makontena za Kilindini. Anazungumzia meli za kitalii, zile ghorofa zinazoelea, ambazo zahitaji wapishi, wahudumu wa mezani, wasafishaji wa vyumba, walinzi na wapiga muziki kwa mamia. Wengi wa vijana hawa ni watoto wetu wa Pwani waliozaliwa Nairobi. Majengo ya Pumwani ni mtaa wa Waswahili tangu miaka ya 1920, na Umoja, Buruburu na Dandora hazikosi familia zenye bibi Lamu au shangazi Likoni. Basi kijana hushuka Mombasa, hulala kwa jamaa, husoma mafunzo ya usalama baharini, pengine pale Bandari Maritime Academy iliyokuwa ikiitwa Bandari College hadi 2018. Kisha hurudi Eastlands na vyeti vyake kungoja simu.

Kungoja huko ndiko kwenye hatari. Vyeti anavyo, picha za suti amepiga, na pasipoti iko katika droo ya ajenti mahali fulani katikati ya mji. Muulize kwa nini iko huko, atakwambia ndivyo inavyofanywa.

Ni kweli kwamba pasipoti ya mtu wa meli itashikwa na watu wengine. Itapita kwa afisa wa uhamiaji, kwa ubalozi, kwa daktari anayenakili nambari yake, na mwisho kwenye sefu ya meli. Hilo halikwepeki. La kujua ni kila mmoja wa hao anaishika kwa njia gani, na hapa Waswahili tuna maneno mawili yanayotosha kabisa. Amana ni kitu cha mtu ulichowekewa. Akikitaka saa yoyote unampa, wala huna unachomdai. Rehani ni kitu unachokishikilia mpaka mwenyewe alipe deni. Mtu anayekuwekea pasipoti amana, ukiiomba anainuka kuifuata. Anayeishika rehani, ukiiomba anaanza hesabu.

Na pasipoti haifai kuwa rehani hata mwenyewe akikubali, kwa sababu si mali yake. Fungua yako usome: ni mali ya Serikali ya Kenya. Wewe ni mshikaji tu. Shailoki wa mtaani anayekukopesha elfu kumi na kufungia pasipoti yako kabatini anashika mali isiyo yako wala yake. Tumezoea mno mambo haya Nairobi. Kitambulisho huachwa getini kwa askari, huachwa dukani kwa deni la unga, huachwa baa kwa bili. Mazoea hayo ndiyo humfanya kijana aone kawaida kuacha na pasipoti.

Kwa ajenti

Ajenti husema hivi: "Kaka, wacha pasipoti hapa, nafasi ikitoka tusianze kukutafuta." Yasikika kama msaada. Miezi miwili ikipita, kijana akipata nafasi kwingine na kuja kuichukua, lugha hubadilika: kuna gharama za faili, kuna ada ya usajili, kuna mtu wa Mombasa ameshalipwa. Pasipoti imekuwa rehani ya deni ambalo kijana hakujua analo.

Sheria ya mabaharia iko upande wake, ila hakuna aliyemwambia. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 mnamo mwaka 2014. Mkataba huo wahusu kila afanyaye kazi melini, na anayetandika vitanda kwenye meli ya kitalii ni baharia kwa maana hiyo sawa na aliye usukani. Unasema mtafuta kazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Atakayolipa mwenyewe ni mambo matatu tu: cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata visa ni juu ya mwenye meli. Kwa hivyo ajenti anayeizuia pasipoti mpaka ulipwe "usajili" ana makosa mara mbili, kwanza kwa ada, pili kwa kuzuia. Ajenti wa mabaharia anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, yenye makao yake Mombasa. Wa kazi za nchi kavu, kama za nyumbani Ghuba, husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ukipewa kibali cha hii ya pili na mtu anayekuahidi meli, uliza tena.

Je, ajenti hana sababu yoyote ya kuihitaji pasipoti yenyewe? Anazo, lakini ni chache. Ataiona mara moja kuhakikisha si ya bandia, kisha atapiga nakala na kukurudishia papo hapo. Huenda akaihitaji kwa visa, na hata hapo chunguza. Visa ya Marekani ya mabaharia, inayoitwa C1/D, mwombaji huenda mwenyewe ubalozini Gigiri kuhojiwa, na pasipoti yake mkononi. Ubalozi ndio huichukua wakikubali, na huirudisha. Visa ya Schengen nayo yataka alama za vidole vyako, wala ajenti hawezi kukukopesha vyake. Kwa hivyo ile hadithi ya kwamba pasipoti ikae kwake miezi minne "kwa ajili ya visa" haina miguu.

Ikibidi kuiacha, iachwe kwa maandishi. Karatasi moja yatosha: nambari ya pasipoti, tarehe ya kuipokea, sababu, tarehe ya kuirudisha, jina la aliyepokea, sahihi na muhuri. Hata jahazini karani aliandika mzigo wa kila mtu, na huo ulikuwa mzigo wa tende. Ajenti atakayekasirika kwa kuombwa karatasi hiyo amekuokolea muda.

Mabavu hayahitajiki. Anayegoma kuirudisha aandikiwe barua au ujumbe wa simu wa adabu, kuwe na ushahidi kwamba umeiomba. Kisha kituo cha polisi, na ofisi ya uhamiaji ijulishwe. Na kama kuizuia huko ni sehemu ya mpango wa kumpeleka mtu kazini kwa hila au kwa nguvu, kuna Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010, ambayo yataja waziwazi kosa la kunyang'anya au kuharibu hati za safari za mtu kwa nia hiyo. Ajenti wengi hulegea wakisikia sheria hiyo ikitajwa kwa jina.

Kwa mtu wa saiba

Kabla ya ajenti kuna saiba. Maombi ya pasipoti hufanywa kwa eCitizen, na Eastlands nusu ya watu huifungua eCitizen yao kwa kijana wa saiba karibu na steji. Kijana huyo mara nyingi ni mwema na mwepesi wa mkono. Shida ni kwamba hufungua akaunti kwa barua pepe aliyoibuni yeye, na neno la siri huandikwa kwenye daftari lake pamoja na la wateja wengine mia. Akihama, akaunti yako imehama naye. Akiwa mbaya, ana nambari ya kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa, picha na sahihi.

Nambari ya simu na barua pepe ziwe zako, neno la siri uliandike mwenyewe yeye akiangalia kando, na kabla hujalipa simama uone hati ulizoskani zikifutwa, pamoja na kule zinakotupwa zikifutwa. Ni jambo la dakika moja. Watu huona haya kumwambia, eti ataona hawamwamini. Seremala hajawahi kukasirika ukipima mbao.

Kuhusu kuionyesha pasipoti yenye visa mpya kwenye status, nitasema machache. Ukurasa wa picha una jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari na zile mistari miwili ya herufi zinazosomwa na mashine. Jamaa wakupongeze kwa tabasamu lako tu.

Nyumbani na njiani

Mwisho wa Aprili 2024 Mto Mathare ulipofurika na kuingia majumbani, watu waliokoa watoto kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Hati zilibaki chini ya godoro. Mukuru na maeneo ya Gikomba, moto nao ni jambo la kila mara. Nyumba ya mabati haina sefu, lakini mfuko wa plastiki mzito unaofungwa kwa zipu hauna bei kubwa. Hati zote ziwe ndani ya mfuko mmoja, zitundikwe juu, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba apajua na aweza kupafikia gizani. Wenye jamaa katika nyumba ya mawe, kama Buruburu au Makadara, waweza kuweka kwake. Hiyo nayo ni amana, na anayewekewa aambiwe.

Pasipoti za sasa, zilizoanza kutolewa Septemba 2017, zina chipu ndani. Usizikunje, usizipige pini, usizianike juani kama samaki zikilowa. Iliyoharibika huhesabiwa kama iliyopotea, na kubadilisha ni ghali kuliko kupata ya kwanza, ambayo tangu Machi 2024 ni shilingi 7,500 kwa ya kurasa 34. Na kwa watu wetu kuna bei nyingine isiyoandikwa popote. Mwenye jina la Kiislamu au la Kiarabu anayejulikana kwa sura ya Pwani amezoea kuulizwa babu yake alizikwa wapi kila anapoomba hati. Kuipoteza ni kurudi kwenye benchi lile.

Njiani, usiibebe bila sababu. Matatu za nambari 6 na 9 za Eastleigh, 58 ya Buruburu, msongamano wa Muthurwa jioni: huko mfuko wa nyuma ni wa kila mtu. Kupanda treni ya SGR Syokimau kushuka Mombasa kitambulisho chatosha. Siku ya kuibeba kwa shughuli, iwe mbele ya mwili, ndani ya nguo, wala si kwenye begi unaloweka juu ya kiti.

Kabla ya kuondoka tazama tarehe ya mwisho. Watu wamekariri "miezi sita", lakini mkataba wa melini huenda ukawa wa miezi 8 au 9. Pasipoti iliyobakisha mwaka mmoja ni fupi kwa baharia. Hesabu pia kurasa tupu, kwa maana meli inayozunguka bandari 30 yaweza kula kurasa upesi. Na kadi ya njano ya homa ya manjano, tangu Julai 2016, ni ya maisha. Aliyechanjwa zamani asikubali kuuzwa nyingine mjini. Cheti cha afya cha baharia ndicho cha muda, hakizidi miaka 2.

Melini

Sasa kijana amefika. Siku ya kwanza ataambiwa aitoe pasipoti yake, na hapa wengi hushtuka, hasa waliosikia mabaya ya Ghuba. Asishtuke. Meli ya kitalii yaweza kuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu moja kutoka nchi hamsini, na kila bandari maafisa wa uhamiaji wataka orodha yao na pasipoti zao zikiwa tayari. Kuzikusanya kutoka vyumbani kila asubuhi haiwezekani. Ndiyo maana ofisi ya wafanyakazi huziweka pamoja kwenye sefu, nawe hupewa kadi ya meli yenye picha yako, ya kuingilia na kutokea. Ukishuka bandarini watumia kadi hiyo, pamoja na karatasi za nchi ile. Marekani kwa mfano hutoa kibali kidogo kiitwacho I-95, na kikipotea ni usumbufu kweli.

Hii ni amana iwapo masharti yake yametimia. Mkataba wa kimataifa wa vitambulisho vya mabaharia wa 2003 umeweka kipimo kizuri: kitambulisho hicho kikae na baharia mwenyewe wakati wote, isipokuwa nahodha akimhifadhia kwa ridhaa yake ya maandishi. Pasipoti ni hati nyingine, lakini kipimo ni kilekile. Sahihi iwe yako, wajua iko ofisi gani, na mkataba ukiisha waipata kabla ya ngazi ya kushukia. Melini pia una haki ya kubaki na nakala yako ya mkataba wa kazi iliyotiwa sahihi. Hiyo usimpe mtu akuwekee. Piga picha kila hati kabla ya kuitoa, na nakala moja ibaki kwa mama au dada nyumbani, kwani simu ikianguka baharini itazama na picha zote.

Linganisha na nyumba ya tajiri Riyadh au Doha. Dada yetu afika usiku, pasipoti yachukuliwa mlangoni, hakuna sahihi, hakuna ofisi, hakuna bandari ya kesho ambako afisa ataiulizia. Akitaka kuondoka huambiwa arudishe kwanza gharama za kumleta. Hiyo ni rehani, na aliyewekwa rehani ni yeye mwenyewe. Nchi zenyewe zimekataza. Saudia ina katazo la kushika pasipoti za wafanyakazi tangu 2000, na Qatar kwa sheria ya 2015 humtoza mwajiri faini. Mkataba wa 2011 wa wafanyakazi wa nyumbani wasema wana haki ya kukaa na hati zao. Katazo lipo, nyumba ina mlango, na mlango una ufunguo. Ndiyo maana nakala nyumbani na nambari ya ubalozi wa Kenya kichwani ni muhimu kwake kuliko kwa baharia.

Kwa abiria

Wachache wetu husafiri kama abiria kwenye meli hizi, ingawa baharia akipanda cheo huja siku akamwalika mama. Mama huyo ajue habari ya Machi 2024. Meli ya Norwegian Dawn, ileile iliyotia nanga Mombasa mwanzoni mwa 2023 ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, iliwaacha watu wanane kisiwani São Tomé. Walikuwa wametembea na kampuni nyingine ya matembezi wakachelewa saa ya kurudi. Walipofikishwa kwa boti hawakuruhusiwa kupanda. Kilichofuata ndicho cha kujifunza: meli ilitoa pasipoti zao na kuziacha kwa wakala wa bandari, halafu ikang'oa nanga. Hiyo ni kawaida ya meli za namna hii, na bila pasipoti hizo wasingetoka kisiwani. Walizifuata safari zao nchi hadi nchi, wakafika Gambia, meli ikashindwa kuingia Banjul kwa maji kupwa, wakaikuta Dakar kwa njia ya gari.

Kwa hivyo abiria aiweke pasipoti kwenye sefu ya chumbani au aiache mapokezi wakiitaka, ashuke na nakala ya karatasi, kadi ya meli, kadi ya benki na dawa zake za siku mbili tatu. Saa ya kufuata ni ya meli, ambayo huenda isilingane na ya nchi kavu. Na jina la wakala wa bandari, ambalo kwa kawaida huandikwa kwenye ratiba ya kila siku, liwe mfukoni, maana ukiachwa, huyo ndiye mwenye pasipoti yako.

Ikipotea

Ikipotea Nairobi, hatua ya kwanza ni kituo cha polisi kuchukua abstrakti, siku ileile. Baadaye kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kisha maombi mapya kwa eCitizen na miadi ya uhamiaji, Nyayo House au ofisi ya Mombasa kwa aliyeko huko. Usikawie ukitumaini mwizi ataitupa kwenye sanduku la posta. Na ukiipata baada ya kuripoti, usisafiri nayo, kwa sababu imeshafungwa kwenye mitambo na utazuiwa kaunta ya JKIA begi likiwa limeshapakiwa.

Ikipotea ng'ambo, baharia aanze na ofisi ya wafanyakazi ya meli, kisha polisi wa bandari ile, kisha ubalozi. Kenya ina balozi Riyadh, Doha, Abu Dhabi na Muscat, na ubalozi waweza kutoa hati ya dharura ya kurudi nyumbani mara moja tu. Hati hiyo haimrudishi mtu melini. Ili kupanda tena atahitaji pasipoti mpya na visa mpya, na mwenye nakala za zote mbili ataanza mbali kuliko asiye nazo. Anayezituma nakala hizo kutoka Eastlands usiku wa manane ni yule dada aliyeachiwa, kwa hiyo aachiwe pia nambari ya ofisi ya kampuni na jina la meli, lililoandikwa sawasawa.